Kabati la Chuma la Cambridge

Mwaka 1951, mtafiti aliyetaka kuitumia EDSAC, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, alianzia kabatini. Lilikuwa kabati la chuma, na ndani yake mlihifadhiwa tepe za karatasi zilizotobolewa matundu, kila moja ikibeba programu ndogo ya kazi moja: kugawanya, kutafuta kipeuo, kukokotoa logi, kuchapa namba kwa mpangilio. Zilikuwa 87. Mtafiti alichagua alizozihitaji, akazipitisha kwenye mashine ya kunakili matundu pamoja na sehemu aliyoiandika mwenyewe, akapata utepe mmoja mrefu wa kuilisha kompyuta. Tepe asilia zilirudi kabatini.

Kwa sisi tunaoandika programu leo, kabati lile ni mahali pazuri pa kuanzia kufuatilia tabu isiyoisha ya kazi yetu: msimbo ule ule kuandikwa mara tatu, mara nne, mara kumi, na zile klasi zinazonenepa mwaka hadi mwaka mpaka hakuna anayethubutu kuzigusa. Dawa yake tunaiita kurifakta, yaani kupanga upya sehemu za ndani za programu bila kubadilisha inachokifanya kwa nje. Mara nyingi kazi hiyo huelezwa kama usafi, na anayeikwepa huitwa mvivu. Nimepitia vitabu, tasnifu na makala za zaidi ya nusu karne, na sikubaliani na maelezo hayo. Watu hunakili msimbo kwa woga. Kilichopo kinafanya kazi; ukikigusa waweza kukivuruga; basi unachukua nakala, unaibandika pembeni, unabadilisha mistari miwili, na cha zamani unakiacha kilivyo. Ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu, na hatua zote za maana katika historia hii ni zile zilizopunguza hatari ya kugusa.

EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Muda mfupi baadaye Maurice Wilkes, mkuu wa maabara, alikuwa akihangaika na programu ya kutatua mlinganyo wa Airy. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia alivyokuwa akipanda na kushuka kati ya chumba cha kompyuta na mashine ya kutobolea tepe, na jinsi alivyong'amua akiwa kwenye kona ya ngazi kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliobaki ataimaliza akitafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Mtu aliyekwisha kuliona hilo hawezi kukubali kipande kilichojaribiwa na kuthibitika kiandikwe tena kwa mkono. David Wheeler, mwanafunzi wake wa utafiti, ndiye aliyekuja na njia.

Ugumu ulikuwa huu. EDSAC iliweza kuruka kutoka amri moja hadi nyingine, lakini ikisharuka haikujua ilikotoka. Programu ndogo ikiitwa kutoka sehemu tano tofauti, irudi wapi? Wheeler aliutumia ukweli kwamba kwa kompyuta ile amri nayo ni namba. Kabla ya kuruka, programu kuu ilichukua amri yake yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu na kuiweka katika rejista ya hesabu. Ndani ya namba hiyo mlikuwa na anwani ya mahali ilipo. Programu ndogo ilipoanza ilijumlisha namba maalumu juu ya ile iliyoikuta kwenye rejista. Jumla yake ilikuwa amri nyingine kabisa, amri ya kuruka kurudi pale pale ilipoitwa, hatua mbili mbele. Ikaiandika amri hiyo mwishoni mwake, ndipo ikaanza kazi. Kila ilipoitwa ilijiandikia njia ya kurudi. Kwa ujanja huo kipande kimoja kikaweza kuwahudumia wote wanaokihitaji, na mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill wakachapisha kitabu kizima cha kufundisha namna ya kuandaa programu kwa mtindo huo.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikuwa ya daftari. Grace Hopper, aliyeanza kazi kwenye kompyuta ya Mark I ya Harvard mwaka 1944, amesimulia jinsi yeye na wenzake walivyoandika vipande vilivyofaulu kwenye madaftari, kisha wakaazimana na kunakili kwa mkono. Aligundua mambo mawili kuhusu waandishi wa programu: hawajui kujumlisha, na hawajui kunakili. Kujumlisha kulihitajika kwa sababu kipande kikihamishiwa mahali papya anwani zake zote hubadilika. Alipokuwa Philadelphia akifanya kazi kwenye UNIVAC, alitengeneza A-0, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1952: unaitajia kompyuta vipande unavyovitaka, inavichukua yenyewe, inarekebisha anwani na kuviunga. Binadamu akaondolewa kwenye kazi ya kunakili.

Ingeonekana kwamba shida imekwisha. Haikuwa hivyo, maana programu ndogo huponya marudio ya herufi kwa herufi tu. Kuna marudio mengine yasiyoonekana kwa macho, na aliyeyaonyesha vizuri kuliko wote ni David Parnas, katika makala aliyoitoa Desemba 1972 akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, Pittsburgh. Alichukua programu ndogo tu, ya kutengeneza faharasa: inasoma mistari ya maneno, inaizungusha kila mstari ili kila neno lipate zamu ya kutangulia, inapanga yote kialfabeti na kuyachapa. Akaigawa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ambayo karibu kila mtu angeifuata: moduli ya kusoma, ya kuzungusha, ya kupanga, ya kuchapa, na moja ya kuziongoza zote. Hakuna mstari uliorudiwa. Lakini moduli zile zilitegemea ujuzi mmoja, namna herufi zilivyopangwa kwenye kumbukumbu. Ukibadilisha mpangilio huo, unazifungua zote. Katika njia ya pili alianza na orodha ya maamuzi yanayoweza kubadilika, akaficha kila uamuzi ndani ya moduli yake.

Makala hiyo naiona kuwa muhimu kuliko mijadala yote ya miaka ile, hata ule wa Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968, ambako Douglas McIlroy aliomba viwanda vya kuzalisha vipande vya programu kwa wingi. Parnas alionyesha kwamba kinachorudiwa ni ujuzi, nao waweza kujificha katika sehemu kumi zisizofanana hata kidogo. Kwa mfano, tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Mfumo wa mauzo uliokuwa na kiwango hicho mahali pamoja ulihitaji badiliko moja kila mara. Ule ulioandika 0.16 kwenye ankara, 1.16 kwenye risiti, na kugawanya kwa 116 kwenye ripoti ya mwezi, ulimlazimu mwenyewe kufanya msako mara mbili ndani ya miezi tisa, na kutafuta 0.16 peke yake kusingemfikisha kwenye ile 116.

Wakati Parnas akiandika, kitu kilichozaliwa Oslo kilikuwa kinaanza kusambaa. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika lugha yao ya Simula 67, waliweka data na amri zinazoishughulikia mahali pamoja wakaipa jina la klasi, na klasi moja ikaweza kurithi kutoka kwa nyingine. Watu wa Xerox huko Palo Alto wakaliendeleza wazo hilo katika Smalltalk. Sasa palikuwa na makao ya kila ujuzi. Tatizo likageuka: makao yaliyojengwa kwa ajili ya jambo moja yakaanza kupokea kila mgeni. Klasi ya mteja inaanza na jina na anwani, kesho inaongezewa kukokotoa deni, keshokutwa kuchapa barua, mtondo kutuma ujumbe wa simu. Kila nyongeza ni ndogo na ina sababu nzuri. Miaka mitatu baadaye klasi ina mistari elfu kadhaa, na mtu akibadilisha namna barua inavyochapwa, deni linaharibika.

Meir Lehman, aliyechunguza ukuaji wa mfumo wa OS/360 wa IBM, alilieleza jambo hili mwaka 1974 kama kanuni: programu inayotumika huzidi kuwa tata kadiri inavyobadilishwa, isipokuwa ifanyike kazi ya makusudi ya kupunguza utata huo. Mwaka 1976 Thomas McCabe akatoa kipimo: hesabu njia zote zinazojitegemea ndani ya kipande cha programu, na zikipita 10 kigawe. Lakini dawa ya klasi nene niipendayo mimi ni ya Kent Beck na Ward Cunningham, waliokuwa wamefanya kazi pamoja kwenye kampuni ya Tektronix huko Oregon. Mwaka 1989 walieleza namna ya kufundisha usanifu kwa kadi za karatasi za inchi 4 kwa 6. Kila klasi na kadi yake: juu jina, kushoto majukumu, kulia klasi inazoshirikiana nazo. Majukumu yakikosa nafasi kwenye kadi, jibu unalo mkononi, kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Cunningham huyo huyo, mwaka 1992, alipoeleza uzoefu wa kujenga WyCash, programu ya kusimamia dhamana za fedha, aliufananisha msimbo wa mwanzo na deni. Kukopa si vibaya ukilipa mapema kwa kuandika upya ulichokwisha kukielewa. Hatari ni kuacha riba ikue. Mfano huo ulipendwa na mameneja, na umetumiwa vibaya tangu siku hiyo kama ruhusa ya kuandika ovyo. Cunningham alikuwa anazungumzia jambo jingine: wataalamu wanaofanya vizuri kwa uelewa walio nao leo, wakijua kwamba kesho wataelewa zaidi.

Kufikia hapo kila mtu alijua kinachotakiwa. Kilichokosekana ni jibu la swali la yule mwoga: nikipanga upya, nitajuaje kwamba sijavuruga? Jibu lilitoka Urbana, mji mdogo katika tambarare za mahindi za Illinois. William Opdyke, aliyekuwa na uzoefu wa kazi katika Bell Labs, alisoma huko chini ya Ralph Johnson, na mwaka 1990 wawili hao wakachapisha makala iliyolitumia neno kurifakta kwa maana tunayoijua. Tasnifu ya Opdyke ilikamilika mwaka 1992. Wazo lake ni la mtu mwangalifu sana. Alivunja mabadiliko makubwa kuwa hatua ndogo ndogo, na kila hatua akaiwekea masharti ya kutimizwa kabla ya kuichukua. Unataka kuhamishia kigeu kwenye klasi mama? Hakikisha kwanza klasi mama haina kigeu chenye jina hilo, na kwamba klasi nyingine zinazorithi kutoka kwake hazitagongana nacho. Masharti yakitimia, programu itafanya kile kile ilichokuwa ikifanya. Mwaka mmoja kabla ya tasnifu hiyo, William Griswold wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa amefika karibu na hapo kwa njia yake, akishughulikia programu zisizo za klasi.

Chuoni Urbana kazi haikuishia kwenye karatasi. John Brant na Don Roberts walitengeneza zana ya kufanya hatua hizo yenyewe kwa programu za Smalltalk. Toleo la kwanza lilisimama peke yake, nje ya mahali watu wanapoandikia msimbo, na wao wenyewe wanakiri kwamba hata wao hawakulitumia sana. Walipoiingiza ndani ya dirisha lile lile la kuandikia, ikawa sehemu ya kazi ya kila siku. Kulazimika kufungua programu nyingine kulitosha kumrudisha mtu kwenye kunakili.

Wengi wetu hatukuwa na zana hiyo, wala masharti ya Opdyke hayakuwa ya kukaguliwa kwa macho. Ulinzi wetu ulikuja kwa mlango mwingine. Katika mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, uliojulikana kama C3, Kent Beck aliitwa mwaka 1996 kuunusuru. Kazi ilianza upya, na kila kipande cha msimbo kikaandikiwa majaribio yanayojiendesha. Unahamisha mistari michache, unabonyeza, unajua papo hapo kama hesabu za mishahara bado ni zile zile. Mwaka 1997 mfumo ukaanza kulipa watu wapatao 10,000. Mradi wenyewe ulisimamishwa mwaka 2000 kabla ya kuwafikia wafanyakazi wote, lakini mazoea yake yalikwisha kutawanyika. Mwaka 1997 huo huo Beck na Erich Gamma waliandika JUnit ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, na majaribio ya namna ile yakawafikia waandishi wa Java kila mahali.

Martin Fowler, aliyekuwa mshauri katika mradi ule wa Chrysler, alikusanya yote mwaka 1999 katika kitabu alichoandika pamoja na Beck, Brant, Opdyke na Roberts. Sura ya tatu, aliyoiandika na Beck, inaorodhesha dalili 22 za msimbo unaonuka. Lugha hiyo ya harufu walimhusisha nayo bibi yake Beck na ushauri wake kuhusu nepi za mtoto. Dalili ya kwanza ni marudio. Klasi nene haiko mbali.

Mfano unaokifungua kitabu ni wa duka la kukodisha video. Kuna Filamu, Ukodishaji na Mteja. Klasi ya Mteja ina metodi moja ndefu ya kutoa hesabu. Humo ndani mna kila kitu: filamu ya kawaida ni dola 2 kwa siku mbili za mwanzo, halafu dola 1.5 kwa kila siku inayozidi; filamu mpya ni dola 3 kwa siku; ya watoto ni 1.5 kwa siku tatu, na 1.5 nyingine kila siku ya ziada. Juu yake kuna pointi za mteja wa mara kwa mara. Metodi inakokotoa, inajumlisha na kuchapa, vyote kwa mkupuo, na inafanya kazi. Kisha wenye duka wanataka hesabu ile ile itoke pia kwa HTML. Mkono wa kila mwandishi wa programu unajua la kufanya: nakili metodi nzima, ibandike chini, ongeza alama za HTML, nenda nyumbani. Siku bei za filamu za watoto zitakapobadilika, nakala moja itasahauliwa.

Fowler anaanza kwa majaribio. Kisha anakata kile kipande cha bei tu na kukifanya metodi yake; anaendesha majaribio. Anaona kwamba metodi hiyo haitumii chochote cha Mteja, data yote inatoka kwa Ukodishaji, kwa hiyo anaihamishia huko, majaribio. Halafu anaona kwamba kinachotarajiwa kubadilika ni aina za filamu, anaisogeza bei mpaka kwenye Filamu; majaribio. Pointi nazo zinafuata njia hiyo. Mwishowe kila aina ya bei inapata klasi yake ndogo. Mteja amebaki mwembamba, na metodi ya HTML iliongezwa njiani ikiwa na mistari michache isiyojua lolote kuhusu bei. Hakuna hatua iliyozidi dakika chache, na hakuna hata moja ambayo ungeogopa kuichukua. Mwaka 2001 zana kama IntelliJ IDEA, iliyotoka Prague, ziliwapa waandishi wa Java uwezo wa kufanya hatua hizo kwa kubonyeza tu.

Msimbo wa lugha ya C haukupata raha hiyo kwa urahisi. Mwaka 2004 watafiti wa chuo kile kile cha Urbana walitengeneza zana ya kusaka nakala, wakaipitisha kwenye Linux, na kukuta takriban moja ya tano ya msimbo wake ni vipande vilivyonakiliwa na kubandikwa, pamoja na hitilafu za watu waliobadilisha jina mahali pamoja na kulisahau pengine. Kisha ikaja Februari 2014. Tarehe 21 Apple ilitoa marekebisho ya haraka ya simu zake. Katika faili la kuthibitisha utambulisho wa tovuti palikuwa na mfululizo wa ukaguzi, kila mmoja ukisema: hatua hii ikishindwa, ruka mwishoni. Baada ya mmoja wao, amri ya kuruka ilikuwa imeandikwa mara mbili. Ya kwanza ilifungwa na sharti. Ya pili, kwa kukosa mabano, haikufungwa na chochote, ikaruka kila mara. Ukaguzi wa saini yenyewe, uliokuwa mistari michache chini, haukufikiwa kamwe, na kwa kuwa hakuna kosa lililokuwa limeandikwa hadi hapo, jibu lililorudi lilikuwa kwamba kila kitu ni salama. Dunia nzima ilizungumza juu ya mstari ule mmoja. Mimi naona jambo kubwa liko pembeni yake: mfululizo ule wa hatua ulikuwa umerudiwa mara kadhaa ndani ya faili hilo hilo. Ungekuwa programu ndogo moja fupi, ungeweza kuandikiwa jaribio lake, na jaribio la saini ya uongo lingepiga kelele siku ile ile.

Hata hivyo njia hii ina upande wa pili, na nisipoutaja nitakuwa nimewapotosha vijana. Mwaka 2006 Cory Kapser na Michael Godfrey wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichambua nakala katika mifumo mikubwa na kuonyesha kwamba nyingine zina maana yake, kwa mfano msimbo wa kuendesha kifaa kipya unapotokana na ule wa kifaa kinachokaribiana nacho, kisha viwili hivyo vikakua kila kimoja kwa njia yake. Don Roberts alikuwa na kanuni ambayo Fowler aliiweka kitabuni: ya kwanza andika, ya pili vumilia, ya tatu panga upya. Na Sandi Metz, katika mkutano wa waandishi wa Ruby mwaka 2014, alionya kwamba marudio ni nafuu kuliko kuunganisha mambo kwa namna isiyo sahihi. Sote tumekutana na metodi ya namna hiyo, yenye vigezo saba vya ndiyo na hapana, iliyoundwa kwa kuunganisha mambo mawili yaliyofanana kwa bahati.

Anachoshauri Metz kwa metodi kama hiyo ni kurudi nyuma: nakili mwili wake wote mahali pote inapoitwa, ufute katika kila nakala matawi ambayo mwitaji huyo hayatumii, ndipo utazame upya kinachofanana kweli. Hatua ya kufanyia hivyo imo katika kitabu cha 1999, sura ya sita, kurasa chache tu baada ya ile ya kutoa metodi. Inakuagiza ukague kwanza kama metodi haijaandikwa upya na klasi nyingine inayorithi, uitafute kila inapoitwa, ubadilishe kila mwito kwa mwili wake, uendeshe majaribio, kisha uifute.